Uzoefu wangu na programu ya kufuatilia meli: inaijua meli, hailijui kontena

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikitumia programu ya simu inayoonyesha meli zote za dunia kwenye ramani, wiki mbili za mwanzo bila malipo na baada ya hapo kwa usajili wa kulipia. Nilikuwa na kontena moja la futi 20 lenye cherehani za kiwandani, lililopakiwa Shanghai na lililotakiwa kubadilishiwa meli Singapore, na nilichoka kumpigia wakala wangu kila asubuhi. Jina la programu silitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si za kampuni moja. Nilizijaribu nyingine mbili nikakuta zote zinachota kisima kimoja.

Kisima chenyewe ni AIS, mfumo wa meli kujitambulisha zenyewe kwa redio. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) zinaitaka kila meli ya tani jumla 300 na kuendelea, inayosafiri baina ya nchi na nchi, iwe na kifaa hicho, na tangu mwishoni mwa 2004 sharti hilo limekuwa likitumika kikamilifu. Meli ikiwa safarini, kifaa hutangaza kwa redio ya VHF mahali ilipo, kasi na mwelekeo wake kila baada ya sekunde chache. Ikiwa imetia nanga, hutangaza kila baada ya dakika 3. Mfumo huu uliwekwa ili meli zitambuane na zisigongane, wala haukubuniwa ili mwenye mzigo apate usingizi. Laiti ningelijua hilo mapema, ningelipunguza matarajio.

Kwa kazi yake hiyo, programu ni nzuri kweli. Toleo la bure hutegemea vituo vya nchi kavu, ambavyo hunasa mawimbi ya meli zilizo karibu na pwani tu, kwa hiyo meli ikishaingia bahari kuu hubaki alama ya kijivu mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Toleo la kulipia huongeza setilaiti, na tofauti yake niliiona siku ya tatu baada ya meli kuondoka Shanghai: alama ya kijivu iligeuka mshale wa kijani uliokuwa ukisonga kuelekea kusini. Ukiugusa mshale unapata jina la meli, namba yake ya IMO yenye tarakimu 7, urefu, na kina ilichozama majini.

Kurasa za bandari ndizo zilizonishika zaidi, na nakiri kwamba usiku mwingine nilizifungua bila haja yoyote. Rotterdam huonekana kama uzi mrefu wa mishale uliolala kwa takriban kilomita 40 kutoka mjini hadi Maasvlakte, eneo lililojengwa kwa kufukia bahari. Hamburg iko ndani kabisa ya mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, na unaziona meli kubwa zikiupanda mto huo. Singapore ndiyo inayotisha: meli zilizotia nanga zimesongamana hata ukiikuza ramani mishale inapandana. Mwaka 2024 bandari hiyo ilihudumia zaidi ya makontena milioni 40 kwa kipimo cha futi 20, na sehemu kubwa kabisa si mali ya Singapore, bali hushushwa pale yakingoja meli nyingine. Kila ukurasa huorodhesha meli zilizo gatini, zilizo nangani na zinazotarajiwa, na orodha ya zilizo nangani ilinifaa kuliko makadirio yoyote ya kuwasili.

Kwa Shanghai sikuridhika sana. Hiyo ndiyo bandari inayoongoza duniani kwa makontena, na mwaka 2024 ilivuka milioni 50, lakini takwimu za vituo vya nchi kavu vya China zilipungua ghafla mwishoni mwa 2021, baada ya sheria ya nchi hiyo ya kulinda taarifa binafsi kuanza kutumika. Meli yangu ilipakia Yangshan, kwenye visiwa vilivyounganishwa na bara kwa daraja la Donghai lenye urefu wa zaidi ya kilomita 32, na kwa karibu siku nzima programu haikuniambia kama imeondoka gatini au la.

Sasa nifike kwenye kisa kilichonifanya niandike. Meli iliwasili Singapore, ikakaa nangani siku mbili, ikafunga gati, kisha nikapata arifa kwamba imeondoka. Nilifurahi. Niliifuata ikiingia Bahari ya Hindi, nikahesabu maili, hata nikamwahidi mteja tarehe. Siku ya nne nikaona imeshika njia ya kusini-magharibi kwenda kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kama meli nyingi ziendazo Ulaya zinavyofanya tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023. Nikampigia wakala kwa hasira. Akaniuliza kwa upole, “Ndugu yangu, unafuatilia meli ipi?” Nilipomtajia jina akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hiyo tumeshaachana nayo. Kontena lako lilishushwa Singapore, liko uwanjani linasubiri meli ya pili.”

Kwa siku nne nilikuwa nimeisindikiza meli isiyokuwa na mzigo wangu. Programu haikudanganya, kwa kuwa meli ilikuwa pale pale ilipoonyeshwa. Ila kontena halina kifaa cha AIS, na hakuna setilaiti inayoliona likiwa chini ya mengine matano. Linalojulikana ni namba yake, herufi 4 na tarakimu 7, na namba hiyo husomwa langoni, kwenye kreni na uwanjani, kisha taarifa huingia kwenye mfumo wa kampuni ya meli. Ukitaka kujua kontena liko wapi, fungua tovuti ya kampuni iliyotoa hati ya shehena. Kwenye programu ninayoieleza kuna kisanduku cha kuandikia namba ya kontena, lakini kwangu kilileta taarifa za siku tatu nyuma.

Kuna jambo jingine dogo linaloudhi. Bandari iendako meli na saa ya kuwasili haviji vyenyewe, bali huandikwa kwa mkono na maofisa wa meli. Nimeona meli iliyofunga gati Singapore ikiwa bado imeandikwa kwamba inakwenda Singapore, na saa inayoandikwa ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, si ya mahali ulipo, jambo ambalo programu haikulieleza popote. Mara ya kwanza nilimtuma dereva saa kadhaa kabla ya wakati.

Meli ya pili iliondoka Singapore siku kumi na moja baadaye. Nilipopata arifa kwamba imefunga gati kwenye bandari ya mwisho, sikumpigia mtu. Nilisubiri tovuti ya kampuni ya meli iandike kwamba kontena limeshushwa, ikachukua siku moja na nusu zaidi, kwa sababu katika mkataba wangu siku za kutunziwa bure huanza kuhesabiwa hapo, wala si meli inapofika. Usajili nimeuongeza kwa mwezi mmoja, maana kuna kontena jingine njiani kutoka Shanghai, na safari hii majina ya meli zote mbili nimeyaandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza.