Uzoefu wangu: Kupanda farasi wa Basotho kwenye milima ya Semonkong, Lesotho

Kwa anayetaka jibu la haraka: ukienda kwenye safari ya farasi ya kuongozwa kule Semonkong, katikati ya milima ya Lesotho, pesa yako haipotei, hata kama hujawahi kushika hatamu maishani. Sababu kubwa ni moja. Farasi wa kule hawakufugwa kwa ajili ya watalii, ni farasi wa watu. Leo anampeleka mwenye nyumba dukani, kesho anabeba gunia la mahindi kwenda mashineni, zamu ya wageni ikifika anakubeba wewe. Njia anaijua vizuri mno, na ukimwachia kazi yake utafika salama.

Semonkong iko kama kilomita 120 kutoka Maseru, kwa barabara ya lami inayopitia mji wa Roma wa huko huko Lesotho, kilipo Chuo Kikuu cha Taifa, kisha inaanza kupanda na haiachi kupanda. Mji wenyewe uko juu ya mita 2,200. Sisi tuliokulia Moshi tunajiona milima tumeshaimaliza, lakini Lesotho nzima iko juu ya mita 1,000, na kilele chake cha Thabana Ntlenyana, mita 3,482, ndicho kirefu kuliko vyote katika nchi za Kusini mwa Afrika. Tofauti ni kwamba kwetu mlima unasimama peke yake. Kule ni safu nyuma ya safu, bonde nyuma ya bonde, na vijiji vingi havifikiki kwa gari. Ndiyo maana pale mjini utakuta farasi wamefungwa nje ya maduka, wanawasubiri wenyewe waliojifunika mablanketi wamalize kununua chumvi na mafuta ya taa.

Farasi hakuwa mnyama wa asili wa huko. Waholanzi waliwaleta Rasi ya Tumaini Jema kutoka Java mwaka 1653, na katika karne ya 19, enzi za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, Basotho, yaani watu wa Lesotho, wakawapata na kuwafanya wao. Baridi, mawe na malisho haba vikatengeneza farasi mfupi, mnene wa kifua, mwenye kwato ngumu. Waingereza walipopigana na Makaburu kati ya 1899 na 1902 waliwachukua kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Unapomwona kwa mara ya kwanza utasema ni mdogo. Mpandishe mlima ndipo useme tena.

Asubuhi ya kuondoka mimi niliitumia kumtazama kiongozi wetu akitandika, na nakushauri na wewe ufanye hivyo. Tulimwita Ntate, kama wanavyoitwa wanaume watu wazima huko. Kabla ya kugusa tandiko alipitisha kiganja mgongoni mwa farasi, taratibu, toka shingoni hadi kiunoni, akitafuta kidonda au uvimbe. Akakunja blanketi mara mbili, akaliweka mbele kidogo, kisha akalivuta kurudi nyuma ili manyoya yalale upande mmoja. Tandiko likafuata, akakaza mkanda wa tumboni, akamtembeza farasi hatua chache, akakaza tena, maana farasi hujaza pumzi anapofungwa na mkanda ukalegea baadaye. Mmoja alikuwa na mchubuko mdogo begani. Akamfungua na kumrudisha malishoni bila mjadala, tukasubiri aletwe mwingine kutoka kijijini. Hapo nikatulia moyo. Mtu anayejali mgongo wa farasi wake atajali na wako.

Mafunzo yalikuwa mafupi: ukipanda mlima inama mbele, ukishuka egemea nyuma na usukume visigino chini, hatamu usizivute ovyo. Hilo la mwisho ndilo gumu. Tulifika mahali ambapo njia inashuka kwenye korongo kwa ngazi za mwamba mweusi, nyembamba, upande mmoja ukuta na mwingine hewa. Farasi wangu, jike, alisimama mwenyewe. Akainamisha kichwa hadi pua ikakaribia jiwe, akanusa, akateremsha mguu mmoja wa mbele, akaukanyagia kidogo kama anayeuliza, halafu ndipo akaupa uzito wake. Mguu wa pili ukafuata, kisha ya nyuma kwa pamoja, mtikisiko ukanifika mpaka kwenye meno. Vijiwe vilibiringika chini, yeye hakushtuka. Aliirudia kazi hiyo kila ngazi, bila haraka. Ntate alikuwa nyuma yangu akisema tu, mwache, mwache, anajua.

Juu kwenye uwanda mambo ni mengine kabisa. Farasi hawa wana mwendo wao maalumu, wa haraka kuliko kutembea lakini hauna ile rusharusha ya farasi wa kawaida akikimbia polepole, unateleza tu juu ya nyasi na mgeni hata hajifunzi kuufuata. Ningeweza kwenda hivyo siku nzima. Tulipishana na vijana wachungaji waliovaa mabuti ya mpira na mablanketi, na makundi yao ya kondoo wa sufu na mbuzi wa moheri, yale manyoya marefu laini, zao ambalo Lesotho inasifika nalo duniani.

Maporomoko ya Maletsunyane yanashuka mita 192 kwa mruko mmoja. Picha umeshaziona, sitapoteza muda. Nitasema tu kwamba ukifika ukiwa juu ya farasi unayaona kwa mbali kwanza, mvuke ukipanda kutoka kwenye korongo, na kwenye kuta za mwamba wanaruka kwarara wenye vichwa vyekundu vilivyo vipara. Wapo wanaoishia hapo na kurudi. Kama muda na makalio vinaruhusu, chukua safari ya kulala kijijini. Tulilala kwenye nyumba ya mawe iliyoezekwa nyasi, tukala papa, yaani ugali wao, na moroho, mboga za majani zilizokatwa nyembamba. Njiani ukiona bendera nyekundu kwenye mlingoti, pale nyama inauzwa. Nyeupe ni pombe ya kienyeji. Usiku baridi ilikuwa kali, na tulikuwa Aprili tu.

Sasa yasiyoniridhisha. Kofia ngumu zilikuwa chache kuliko wageni, na nyingine zilikuwa kubwa mno, zinazunguka kichwani. Kampuni iliyotuandalia ilipoulizwa ikajibu kwamba farasi wenyewe ni wapole. Upole wa farasi hauzuii jiwe. Kama unayo yako, ya baiskeli hata, ibebe. La pili liliniuma zaidi: wakati wa kujiandikisha hakuna aliyetuuliza uzito. Jamaa mmoja kwenye kundi letu, mtu wa miraba minne, alipangiwa farasi mdogo kuliko wote. Ntate ndiye aliyeona na kumbadilishia. Jambo kama hilo lisitegemee jicho la mtu mmoja. Wageni nasi tuwe wakweli, tutaje kilo zetu bila kuulizwa, kwa sababu mnyama hawezi kujisemea.

Kuhusu msimu, kumbuka kule mambo yako kinyume na nchi za kaskazini mwa ikweta: Juni hadi Agosti ni baridi yenyewe, theluji huanguka na maji huganda. Novemba hadi Machi ni mvua, mito hujaa na radi za alasiri si za kuchezea ukiwa uwandani juu ya farasi, hivyo mwombe kiongozi muondoke alfajiri. Mwishoni mwa Machi na Aprili maji bado yapo mengi na anga limetulia; mimi ningerudi wakati huo. Vaa suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya mapaja na viatu vyenye kisigino kidogo, mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Nchi imezungukwa yote na Afrika Kusini, kwa hiyo ukipitia Johannesburg hakikisha viza yako, kama unaihitaji, inakuruhusu kuingia Afrika Kusini zaidi ya mara moja.

Pesa taslimu ni lazima. Randi ya Afrika Kusini hupokelewa kila mahali kwa thamani sawa na maloti, pesa ya Lesotho, lakini maloti ukivuka mpaka utahangaika nayo, yamalize huko huko. Na bahashishi usiiache ofisini. Uliza farasi wako ni wa nani. Mara nyingi mwenyewe yuko pale pale akimfungua tandiko mnaporudi. Mpe mkononi.