Motokari Lubumbashi: kuagiza Japani au kununua ya hapa hapa?

Kila mgeni anayehamia Lubumbashi hukutana na swali hili. Bei ya tangazo la Japani inavutia, ila ni mwanzo tu wa hesabu. Ongeza meli hadi Dar es Salaam, gharama za bandari, dereva wa kuipitisha mpaka wa Tunduma na Zambia, kisha ushuru wa DGDA (forodha ya Kongo) pale mpakani Kasumbalesa, na plake (kibao cha namba). Usitume dola kabla hujapewa jumla ya gharama zote hadi mlangoni kwako. Ya hapa hapa ina bei moja, na mnapatana. Komisyonere (dalali) naye atataka chake, basi ulizia bei kwanza kwa wenye motokari kama hiyo.

Kuhusu uhakika wa hali yake, ya kuagiza iliyonunuliwa mnadani huwa na karatasi ya mnada yenye kilomita na mikwaruzo. Ya mjini unaigusa mwenyewe. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe, simama nyuma: moshi wa buluu maana yake inachoma oili. Kisha soma namba ya chasisi, ilingane herufi kwa herufi na karte rozi (kadi ya usajili wa motokari). Isipolingana ondoka, hata bei iwe tamu vipi.

Matunzo hayapishani sana, vipuri vya Toyota viko tele. Lakini za Japani zina usukani wa kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo kuyapita malori barabara ya Kasumbalesa kunatisha kweli.

Mwenye kuhitaji motokari wiki hii, na ana fundi anayemwamini, anunue hapa. Anayeweza kusubiri miezi, na ana mtu wake mpakani, aagize.