Tahadhari: Msinunue Tiketi za Alhambra Mkononi mwa Mtu Mjini Granada

Naandika haya kwa yeyote anayepanga kwenda Granada, kusini mwa Hispania, na hasa kwa wanandoa wanaokwenda kwa mara ya kwanza bila kuwa na mwenyeji. Tiketi ya kuingia Alhambra, kasri la kale la wafalme Waislamu lililo juu ya mji huo, hainunuliwi barabarani, wala hainunuliwi kwa fedha taslimu kutoka kwa mtu aliyening'iniza kitambulisho shingoni, na haimfai mtu mwingine isipokuwa yule ambaye jina lake na nambari ya pasipoti yake viliandikishwa wakati wa kununua. Mimi na mume wangu tulilijua hilo alasiri ya siku yetu ya kwanza, tukiwa tumekwisha kumlipa mtu euro 130 kwa tiketi mbili zisizofaa kitu.

Safari yenyewe tuliidunduliza kwa miaka mitatu, kwa nia ya kuadhimisha miaka kumi ya ndoa yetu. Viza ya Schengen, yaani ile ya kuingia Hispania na nchi jirani zake za Ulaya, ilitoka siku sita tu kabla ya kuondoka Dar es Salaam, na kabla ya hapo hatukuthubutu kulipia kitu chochote chenye tarehe. Tulipofungua tovuti rasmi usiku ule ule, tiketi za kawaida zilikuwa zimekwisha kwa siku zote nne ambazo tungekuwa Granada. Tulisafiri hivyo hivyo, tukiamini kwamba kwenye mji wa watalii haikosekani njia. Kosa letu lilianzia hapo, kwani tulifika tukiwa watu wenye shida, na shida huonekana usoni hata kabla mtu hajafungua kinywa.

Nieleze pia kwa nini tulikuwa na shauku kubwa kiasi hicho, maana wapo watakaouliza kama kasri moja linastahili kumtoa mtu akili. Mume wangu alilisikia jina la Alhambra akiwa mtoto chuoni, Tanga, kwa mwalimu wake aliyependa kuwasimulia habari za Andalusia, yaani Hispania ya enzi za Waislamu, na tangu wakati huo alitamani kuyaona kwa macho yake maneno “Wa la ghaliba illa Allah”, yaani hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, ambayo wafalme wa ukoo wa Banu Nasr, waliotawala Granada, waliyarudia kwenye kuta zao mara zisizohesabika, hadi mfalme wao wa mwisho alipoukabidhi mji tarehe 2 Januari 1492. Mume wangu huyo ndiye aliyesimama kwenye uwanja wa Plaza Nueva na pesa mfukoni, akitafuta mahali pa kununulia tiketi.

Kabla ya hapo, asubuhi, tulikuwa tumekwisha kupata onyo ambalo hatukulitambua. Karibu na Kanisa Kuu, mwanamke wa makamo alinisogelea akitabasamu na kunitia mkononi kijiti cha rozmari, mmea wenye harufu kali unaonikumbusha mrehani wa nyumbani. Kwetu mtu akikupa kitu kwa heshima hukitupi chini, nami nikakipokea. Papo hapo alikishika kiganja changu, akaanza kunitazamia bahati kwa Kihispania, na alipomaliza akadai pesa. Nilipompa sarafu alizikataa, akionyesha kwa ishara kwamba sarafu ni nuksi na kwamba lazima iwe noti, na hakuniachia mkono mpaka nilipotoa euro 10. Mambo haya ni maarufu pale, na dawa yake ni kuiweka mikono yako karibu na mwili, kusema “no, gracias”, na kuendelea kutembea bila kusimama. Si utovu wa adabu, na wenyeji wenyewe hufanya hivyo.

Muuza tiketi alikuja kwa njia tofauti kabisa, na ndiyo maana namwona kuwa wa hatari zaidi. Hakutukimbilia wala hakutushika. Alikuwa amesimama kando ya njia ya Cuesta de Gomérez, pale inapoanza kupanda kuelekea Alhambra, amevaa shati safi jeupe, kadi ya plastiki yenye picha yake shingoni, na ramani iliyokunjwa mkononi. Alituuliza kwa Kiingereza kizuri tunatoka wapi, na aliposikia Tanzania akasema “jambo”, akataja Zanzibar, akasema ana rafiki aliyewahi kufika huko. Mtu anaposikia neno la kwao ugenini, baada ya siku mbili za viwanja vya ndege, moyo hulegea. Alituuliza kwa upole kama tuna tiketi, tukasema hatuna, akatikisa kichwa kwa kutuhurumia, akasema kuna wateja wake wawili waliougua na tiketi zao hazina wa kuzitumia. Bei yake ilikuwa euro 65 kwa kila moja, wakati bei rasmi ilikuwa takriban euro 20, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kukata tamaa na tuliona ni bahati.

Alizituma kwenye simu ya mume wangu. Zilikuwa na msimbo wa mraba wa kusomwa kwa mashine, picha ya kasri, na saa ya kuingia kwenye majumba ya kifalme, 16:30, yaani saa kumi na nusu kwa hesabu yetu. Niliziangalia nikamwambia mume wangu, “Mwenzangu, mbona jina hili si lako wala si langu?” Yule mtu alinisikia nikizungumza Kiswahili, akaona kidole changu kilipokuwa kinaelekea, na akajibu kabla hajaulizwa kwamba mlangoni husomwa msimbo peke yake, majina hayaangaliwi. Tulipotaka kulipa kwa kadi alisema mashine yake imekwisha chaji. Nawaomba mliweke moyoni jambo hilo la kadi, kwa sababu malipo ya kadi unaweza kuyapinga kupitia benki yako, lakini noti uliyompa mtu barabarani haina ushahidi wowote.

Tulipanda mlima tukiwa na furaha ambayo bado inaniuma nikiikumbuka. Tulipita chini ya miti mirefu, tukafika kwenye Lango la Haki lililojengwa mwaka 1348 wakati wa Yusuf I, na mume wangu akasimama kwa muda mrefu akiutazama mkono uliochongwa juu ya tao lake. Hapakuwa na aliyetuzuia, nasi tukazidi kuamini, kumbe lango hilo na eneo la kasri la mfalme Carlos V halihitaji tiketi. Ukaguzi upo mbele, kwenye milango ya majumba yenyewe. Hapo kila mtu mbele yetu alitoa tiketi na pasipoti kwa pamoja. Mfanyakazi alisoma msimbo wetu, akatazama kioo cha mashine yake, akasoma tena, kisha akatueleza bila ukali kwamba tiketi hizo zilikwisha kutumika na wenyewe, na kwamba hata kama zisingekuwa zimetumika, majina hayalingani na pasipoti zetu. Nyuma yetu palikuwa na foleni ndefu, ikabidi tusogee pembeni tupishe watu.

Tulishuka moja kwa moja hadi Cuesta de Gomérez, hatukumkuta. Tulikwenda polisi, tukaandikisha malalamiko, ambayo wao huyaita denuncia, na tukapewa nakala yenye muhuri. Ofisa aliyetuhudumia alikuwa muungwana, ila alisema wazi kwamba bila jina, bila risiti na bila picha, hana pa kuanzia. Bima ya safari nayo haikutusaidia. Bima inayotakiwa kwa ajili ya viza ya Schengen, yenye kiwango kisichopungua euro 30,000, inahusu matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, haihusu pesa uliyomkabidhi mtu kwa hiari yako.

Kwa hiyo, mnaokwenda, tiketi halali zinauzwa na mamlaka yenyewe ya kasri, Patronato de la Alhambra y Generalife, kupitia tickets.alhambra-patronato.es. Andikeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na siku ya kwenda mchukue pasipoti zenyewe. Saa iliyoandikwa kwa ajili ya majumba ya kifalme ni saa ya kweli, kwa kuwa idadi ya wanaoingia kila nusu saa ina kikomo, na anayechelewa hukosa. Mkikuta tiketi za kawaida zimekwisha, tazameni tiketi ya bustani, Generalife (kasri la mapumziko la wafalme, jirani na Alhambra) na ngome ya Alcazaba, isiyohusisha majumba, ambayo mara nyingi hubaki. Sisi tuliipata siku ya tatu, tukaingia kwa pasipoti zetu bila tatizo. Mume wangu hakuyaingia majumba aliyosimuliwa utotoni, na hilo ndilo linalonisikitisha kuliko euro 130. Mkipenda kuongozwa, yapo matembezi ya waongozaji wenye kibali cha serikali ya jimbo la Andalusia ambayo huja na tiketi zake, lakini hao pia watawaomba majina na nambari za pasipoti kabla ya siku yenyewe. Anayekuuzia bila kukuuliza jina lako hana tiketi yako.

Jioni ya siku hiyo ya tatu, tukishuka, tulimwona yule mtu, shati jeupe, ramani mkononi, hatua chache kutoka mahali alipotuuzia, akizungumza na mzee mmoja na mkewe waliokuwa na ramani ya hoteli. Mume wangu aliwaendea, akawaonyesha tiketi zetu kwenye simu na nakala ya polisi. Yule mtu aliikunja ramani yake na kuondoka taratibu kuelekea Plaza Nueva. Kwa hiyo yupo, na mahali pake ni pale pale.

Kama umekwisha kununua tiketi kwa namna hii na hujapanda bado, usisubiri saa iliyoandikwa. Nenda mapema na pasipoti yako kwenye jengo la tiketi lililo upande wa Generalife, uwaombe wakuangalizie msimbo, ili ikiwa ni batili uwe bado na muda wa kwenda polisi mchana ule ule na kumtambulisha muuzaji kabla hajahama.