Doa amepona: uzoefu wangu na hospitali ya wanyama ya SUA, Morogoro

Mbwa wangu anaitwa Doa, kwa sababu ya alama nyeupe iliyo juu ya jicho lake la kulia. Ni jike wa kienyeji, mwenye umri wa miaka minne na uzito wa kilo 17, na leo anatembea kwa miguu mitatu. Ninaandika uzoefu huu kwa ajili ya wenye mbwa na paka wa Morogoro na mikoa ya jirani ambao, kama nilivyokuwa mimi, wanadhani kwamba mnyama wa nyumbani akigongwa na gari hakuna la kufanya isipokuwa kumtafuta mtu aje kummaliza.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mwanangu alipokuwa akitoka kwenda shule hakufunga geti sawasawa, na Doa akamfuata mpaka barabarani, hapa kwetu Kihonda. Lori lililompitia halikusimama. Nilipofika nilimkuta amelala pembeni ya lami, ngozi ya mguu wa nyuma wa kushoto imechunika kutoka pajani hadi karibu na wayo, mfupa wa muundi umetokeza nje, na damu ikizama katikati ya kokoto. Hakuwa akilia. Alikuwa akihema haraka haraka, na nilipoinua mdomo wake niliona fizi ambazo siku zote huwa na rangi ya waridi zimekuwa nyeupe kama chaki ninayoandikia darasani.

Watu walijaa kwa muda mfupi. Wapo walionishauri nimwache afe kwa amani, na kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alikimbilia duka la dawa lililo karibu akarudi na vidonge vya diklofenaki ambavyo muuzaji alimhakikishia kwamba vinafaa kwa binadamu na mnyama pia. Nilikuwa tayari nimeanza kumfungua Doa kinywa nilipokatazwa na mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, ambaye sikuwahi kumwona mtaani kwetu hata siku moja. Aliniambia, "Mwanangu, usimpe kitu. Huyu mwache wanaojua ndio wampe." Baadaye daktari alinieleza kwamba dawa hiyo ya binadamu huweza kuchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na kwamba kwa mbwa aliyepoteza damu nyingi kiasi kile hatari yake inakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa figo tayari zinapata damu kidogo. Maneno mawili matatu ya mtu nisiyemjua yaliniepusha na kosa ambalo nisingeweza kulirekebisha.

Mzee yule hakuishia kwenye ushauri. Aliniomba kanga niliyojitanda, akachana utepe mrefu, akamfunga Doa mdomo bila kumkaza, akisema kwamba mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda. Kipande kilichobaki alikikunja mara nne akakikandamiza kwenye jeraha, na kilipolowa hakukitoa, bali aliongeza kitambaa kingine juu yake. Wakati huo dereva wa kirikuu iliyokuwa inarudi kutoka kushusha kabichi sokoni alisimama akauliza kuna nini, kisha akashusha ubao aliokuwa ameutandika nyuma ya gari ili tumtelezeshe Doa juu yake bila kumkunja mgongo. "Mama, panda mbele uwapigie simu wajue mnakuja," aliniambia. Mzee akapanda nyuma na kukaa chini, mkono wake ukiwa juu ya jeraha, kanzu yake ikilowa damu, na hivyo ndivyo tulivyopita Msamvu na kuuvuka mji mpaka chini ya milima ya Uluguru.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kipo tangu mwaka 1984, na sisi wakazi wa Morogoro tunakitaja kila siku, lakini ninakiri kwamba nilikuwa nikidhani madaktari wake ni wa ng'ombe na mbuzi tu. Ni kweli kwamba aliyekuwa mbele yetu asubuhi ile alikuwa mfugaji aliyemleta mbuzi mwenye tumbo lililojaa gesi. Alimtazama Doa mara moja, akamvuta mbuzi wake pembeni, akasema, "Huyu aingie kwanza." Mbuzi wake naye alikuwa anaumwa, na alikuwa na haki yote ya kukaa pale alipokuwa. Sikupata hata nafasi ya kumshukuru ipasavyo, kwa sababu nilipotoka nje alikuwa ameshatibiwa na kuondoka.

Hii ni hospitali ambayo pia ni darasa, na mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza ni vizuri alijue hilo. Mnyama wako atazungukwa na vijana waliovaa makoti meupe, mwalimu wao atawauliza maswali mbele yako, na wao watajibu wakiwa wanapima. Kwangu mimi, ambaye pia ni mwalimu, jambo hilo lilikuwa faraja, kwa kuwa kila hatua ilisemwa kwa sauti na sababu yake ikatolewa. Nilisikia kwa nini walibonyeza fizi na kuhesabu sekunde mpaka rangi irudi, kwamba kwa mbwa mzima haizidi sekunde mbili, na kwamba ya Doa ilikuwa inachelewa. Nilisikia kwa nini hawakuanza na mguu, ambao ndio uliokuwa unatutisha sote, bali walianza na kifua na tumbo, kwa sababu mbwa aliyegongwa anaweza kuwa anavuja damu ndani huku macho ya watu yote yakiwa kwenye mfupa uliotokeza. Aliwekewa dripu, akachomwa sindano ya maumivu, na mimi nikaombwa nisubiri nje.

Huko nje ndiko nilikoona jambo ambalo bado liko machoni pangu. Mzee alikuwa kwenye bomba lililo karibu na mti. Alichota udongo kiganjani, akauchanganya na maji, akajisugua mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akasuuza, akarudia kusuuza tena na tena, huku akihesabu kwa sauti ya chini mpaka saba. Mimi ni Mkristo, na nilijua kijuujuu tu kwamba mbwa ni najisi kwa Waislamu. Yeye ndiye aliyenifafanulia kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, najisi ya mbwa ni najisi nzito, inayooshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Alikuwa anaelekea mazikoni. Nilimwomba radhi, machozi yakinitoka, kwa kumchafulia kanzu na kumchelewesha, naye akanijibu kwamba mazishi ni baada ya Adhuhuri, nguo nyingine ipo nyumbani, na maji hayajaisha duniani. Kisha akanisimulia kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na kwa ajili ya tendo hilo Mungu akamsamehe dhambi zake. Alikisimulia bila mbwembwe, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini amepita njia hii na si ile.

Daktari alitoka baada ya muda akaniambia mambo mawili. La kwanza ni kwamba mguu hauwezi kuokolewa, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu ilikuwa imekatika na nyama iliyokuwa chini ya goti ilikuwa imeshaanza kufa. La pili ni kwamba hangeweza kumpasua akiwa katika hali ile, kwani kiasi cha chembe nyekundu katika damu yake kilikuwa asilimia 14, wakati mbwa mwenye afya huwa na kama asilimia 37 hadi 55. Alihitaji damu. Damu ya mbwa hutoka kwa mbwa, na hatuna benki ambayo mtu anaweza kwenda kuichukua.

Katika foleni alikuwapo bwana mmoja aliyetoka Kilakala na mbwa wake wa aina ya German Shepherd, aliyekuja kwa ajili ya chanjo ya kila mwaka. Alikuwa amesikia mazungumzo yetu. Alisimama akauliza, "Daktari, huyu wangu hafai?" Mbwa huyo, anayeitwa Chui, alikuwa na miaka mitano na kilo 34, na alikuwa amekamilisha chanjo zake za nyuma. Nilijifunza siku ile kwamba anayetoa damu anapaswa kuwa na kilo zisizopungua 25 au karibu na hapo, awe mzima wa afya na asiwe kikongwe, na kwamba katika nchi yenye kupe kama yetu damu yake hutazamwa kwanza kwenye hadubini ili kuhakikisha haina vimelea ambavyo kupe huambukiza. Nilieleweshwa pia kwamba mbwa ambaye hajawahi kuongezewa damu kwa kawaida huipokea vizuri ile ya mara ya kwanza, tofauti na paka, ambaye damu isiyolingana na yake inaweza kumuua tangu mara hiyo hiyo ya kwanza.

Chui alilazwa ubavu juu ya meza, akanyolewa manyoya kidogo shingoni, na mwenye mbwa akakiinamia kichwa chake akimsemesha muda wote mfuko ulipokuwa unajaa, mililita 450. Hakushtuka hata mara moja. Alipomaliza alipewa maji na chakula, akajinyoosha, akanusa sakafu. Damu ile iliingizwa kwa Doa matone machache machache katika nusu saa ya kwanza, mwanafunzi mmoja akiwa ameketi kando yake akimpima joto na mapigo ya moyo, kisha ikaongezwa kasi. Nilikuwapo fizi zilipoanza kurudi rangi. Mabadiliko hayo ni madogo mno kwa anayeyatazama kwa mbali, lakini mimi nilikuwa nimezikodolea macho fizi hizo tangu asubuhi, na nikauona uwaridi ukirejea taratibu kutoka kwenye pembe za mdomo.

Nilipotaka kumlipa mwenye Chui alikataa katakata. Dereva wa kirikuu naye alikuwa ameshaondoka, na nilipompigia baadaye nimtumie nauli kwenye simu aliniuliza tu kama mbwa yuko hai.

Upasuaji ulifanyika siku iliyofuata, na mguu ulikatwa juu kabisa, karibu na nyonga. Mwanzoni niliona kwamba wamekata zaidi ya kilichohitajika, lakini daktari alinielewesha kwamba kipande kinachobaki kikining'inia mbwa hukigongesha na kukilalia mpaka kinakuwa kidonda kisichopona. Aliniambia pia kwamba mbwa hubeba takribani asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na kwa hiyo anayepoteza mguu wa nyuma huzoea upesi kuliko anayepoteza wa mbele. Sikuamini wakati ule. Siku ya tatu Doa alisimama mwenyewe.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasome kwa makini. Kwa wiki ya kwanza nilimpitishia kanga chini ya tumbo na kuishika kama mbeleko kila alipotoka kujisaidia. Sakafu yetu ni ya vigae, na mbwa mwenye miguu mitatu huteleza vibaya juu yake, kwa hiyo nilitandika mikeka na magunia kutoka anapolala hadi mlangoni. Ili asilambe mshono, nilikata kitako cha ndoo ya plastiki ya lita 10, nikatoboa matundu, nikazungushia kitambaa ukingoni na kuifunga kwenye mkanda wake wa shingoni; aliichukia, lakini jeraha lilibaki kavu, na nyuzi zikatolewa siku ya 13. Dawa za maumivu nilimpa baada ya kula, kama nilivyoelekezwa. Nimempunguzia ugali na kumwongezea dagaa, kwa maana kila kilo anayonenepa sasa inabebwa na miguu mitatu.

Kuhusu gharama, nilielezwa makadirio kabla ya upasuaji, na sitataja kiasi kwa kuwa kila jeraha lina bili yake. Ushauri wangu ni kuuliza mapema, kupiga simu mkiwa njiani, na kubeba kadi ya chanjo. Swali la kwanza nililoulizwa mlangoni lilikuwa kama Doa amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na kwa sababu kadi ilikuwepo, watu waliogusa damu na mate yake waliweza kufanya kazi kwa utulivu.

Miezi mitano imepita. Mzee wa kanzu nilimpata kwa kuulizia msikitini, nikaenda kwake na kilo mbili za sukari na kanzu mpya. Sukari aliipokea, kanzu alikubali baada ya mkewe kumwambia asinivunje moyo. Huwa anapita getini kwetu siku za Ijumaa, husimama mbali kidogo kwa ajili ya udhu wake, na Doa humtikisia mkia kutoka ndani. Doa mwenyewe hawezi kumlipia Chui deni lile, kwa kuwa kilo zake hazitoshi. Lakini jirani yangu ana mbwa dume wa kilo 32, mwenye miaka mitatu, na wiki iliyopita tulimpeleka akapimwe kupe na damu, kisha tukaacha namba zetu mbili za simu kwa daktari ili mwingine akihitaji tupigiwe.