Uzoefu wangu: huduma ya kudhibiti mchwa kwenye nyumba, Dodoma

Kwa mwenye haraka: mchwa wameisha, bei iliniuma, na marumaru zangu zimebaki na madoa. Mwenye nafasi asome maelezo.

Nyumba ni ya vyumba vitatu, iko Nzuguni, sehemu ambayo si zamani sana ilikuwa pori na vichuguu. Kiangazi cha Dodoma mnakijua. Mvua zikishakata mwezi wa nne, mpaka Desemba hupati tone, nyasi zote zimeisha, na mchwa wanahamia kwenye chochote chenye mbao. Kwangu walianzia chumba cha watoto. Fremu ya mlango ukiitazama ilikuwa nzima, vanishi inang'aa. Ukibonyeza kwa kidole gumba, kidole kinazama: ndani mbao imeliwa yote na nafasi yake imejazwa udongo mkavu. Kando ya fremu kulikuwa na njia ya udongo, unene wa penseli, imetoka sakafuni inapanda kuelekea kwenye kenchi.

Niliita watu kadhaa waje kukagua, na hapo ndipo utajua nani ni nani. Mmoja alikuja na bomba la mgongoni la lita 16, akasema anapulizia kuta zote na jioni mnalala ndani. Bei yake ilikuwa nzuri mno. Mwingine alikuwa na dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, eti "ile kali ya zamani". Wazee wanazisifu dawa za zamani, dieldrini na aldrini, na hawasemi uongo, zilikaa ardhini miaka na miaka. Ndiyo hiyo hiyo sababu ya kupigwa marufuku kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa maana zinakaa vilevile kwenye mafuta ya mwili, ya mnyama na ya mtu. Huyo nilimshukuru, nikamfungulia geti.

Niliowachukua ni kampuni ya hapa hapa mjini. Jina silitaji, mtasema nimelipwa. Kilichonivuta ni ukaguzi. Yule fundi alizunguka nyumba nzima akigonga fremu kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza, akapanda darini na tochi, kisha akarudi kwenye ile njia ya udongo akaitoboa kidogo tu. Vibarua weupe wakarudi nyuma, na askari wenye vichwa vikubwa vya kahawia wakajipanga kwenye tundu.

"Mama, hawa ukiwaua wote leo, kesho wanaletwa wengine," akaniambia. "Anayewazaa yuko chini, na huenda hata hayuko kwenye kiwanja chako."

Alinionyesha kichuguu kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa. Mchwa wa vichuguu vikubwa hawashibi mbao moja kwa moja; wanaipeleka chini kulishia bustani ya ukungu wanayoilima wenyewe, na ndiyo inayotoa ule uyoga mkubwa tunaouchuma baada ya mvua. Malkia anataga maelfu ya mayai kwa siku na anaishi miaka mingi. Vibarua wanasafiri chini ya ardhi makumi ya mita kutafuta chakula, na wakitoka juu ni lazima wajifunike kwa udongo, la sivyo wanakauka. Kwa hiyo kupulizia ukuta ni kuwasumbua tu. Dawa inatakiwa iwe ardhini, wanakopita.

Akanikataza pia kumwagia mafuta ya taa au kupuliza dawa ya mbu kwenye ile njia. Oili chafu nayo ni hivyo hivyo. Wakisikia harufu wanahama, wanatoboa kwingine usikokuona. Dawa aliyotumia ni imidaklopridi, ambayo hawaitambui. Wanapita humo, wanajipaka, kisha wanaambukizana kwa kulambana na kulishana. Haiui papo hapo, na ndivyo inavyotakiwa. Nilikiona kidumu kikifunguliwa mbele yangu, kina lebo na namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya viuatilifu. Ombeni kuona hiyo lebo. Fundi wa kweli hakasiriki.

Sasa kuhusu maji, maana hili ndilo nataka mlishike. Kwa nje walichimba mtaro mwembamba ukiambaa na msingi, kina cha sentimita 30, wakamimina lita 5 za dawa iliyochanganywa kwa kila mita, wakarudishia udongo nao wakaumwagia. Mzunguko wa nyumba yangu ni kama mita 44. Piga hesabu: zaidi ya lita 200, na hapo hujaingia ndani. Ndani walitoboa sakafu kwa drili kufuata kuta, tundu moja hadi jingine sentimita 30 hivi, wakaingiza dawa chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Kichuguu cha jirani (kwa ruhusa yake) wakakitoboa katikati na kumimina humo. Sasa mrudie yule wa lita 16 na umuulize alikuwa anaenda kutibu nini.

Matokeo hayakuja siku hiyo, usije ukagombana na mtu. Siku za mwanzo bado niliwaona wakitembea, ila wamelegea. Baadaye ile sehemu iliyotobolewa ikabaki wazi. Hapo ndipo niliamini, maana mchwa mzima haachi tundu lilale. Fremu ilipong'olewa ilikuwa na udongo mtupu. Mvua za kwanza kumbikumbi walijaa kwenye taa ya baraza kama kawaida, majirani wakanicheka, "si ulipiga dawa?" Kumbikumbi anaruka kutoka popote akifuata mwanga, dawa ya chini haimhusu. Wa kuogopa ni wale wanaotokea kwenye ufa wa sakafu au ukuta wako, na hao sikuwaona.

Lawama ninazo. Walichelewa kufika, hilo tuliache. Matundu ya sebuleni waliyaziba kwa saruji ya kijivu kwenye marumaru za rangi ya maziwa, na nilipolalamika wakasema "itafifia". Haijafifia. Vumbi la drili lilituachia kazi ya siku nzima, hata kufunika makochi ilibidi tuwakumbushe.

Halafu kuna kitanda kilichotoka kwa mama mkwe Dar, kinadondosha chembe ngumu ndogo kama mchanga. Walikiangalia wakasema hao ni mchwa wa mbao kavu, wale wa Pwani, wanaishi ndani ya mbao yenyewe bila kugusa ardhi, na huduma niliyolipia haiwahusu. Ni kweli. Ila tangazo lao linasema "aina zote za mchwa", na kutibu kitanda ilikuwa bei nyingine. Nimekitoa nje.

Jumla ililamba laki saba na ushee. Kama ndiyo kwanza unamwaga msingi, waite kabla ya zege la jamvi, ni rahisi zaidi na hutobolewi marumaru, na kenchi nunua mbao za Mafinga zilizotiwa dawa. Dhamana yangu ni ya miaka mitano kwa maandishi, ila isome vizuri: ukichimba kando ya msingi, iwe bustani au bomba, kizuizi cha dawa kilichoko ardhini kimekatika na dhamana imeisha. Mimi nilidai pia risiti iandikwe jina la dawa na kiasi kilichotumika. Walisitasita kidogo, wakaandika.