Rosa Mistika au Nagona, uanze na ipi?

Wadau wa Mtwara, huu ubishi wa riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, ipi uanze nayo, hauishi, ngoja na mimi niseme. Kwa stori Rosa Mistika (1971) iko mbele sana, unaifungua ukiwa kwenye basi la Dar unakuja kushtuka mshafika Nangurukuru kule Kilwa, na pale Zakaria anampiga binti yake Rosa kisa barua ya kijana Charles panauma kweli, maana wazazi wa hivyo tunao hapahapa Mikindani, wanabana mtoto kupitiliza halafu akitoka nyumbani hajui hata ajilinde vipi. Lugha nyepesi, hata wa kidato cha pili anaelewa.

Nagona (1990) kembamba ila kasikudanganye, stori ya kunyooka hakuna, msimulizi anasaka ukweli tu na ukurasa mmoja unaweza kuurudia mara tatu. Kwa mawazo lakini, Rosa haifui dafu kwa Nagona, na kila ukiirudia hii Nagona unakuta jipya.

Una binti anaenda bweni? Soma naye Rosa mjadiliane. Kama riwaya za kawaida ushazimaliza na korosho ushauza, umetulia, basi chukua Nagona na penseli mkononi.