Pluronic P105 kwa kutengenezea kwantamu doti: nzuri sana, ila si ya kila maabara

Wadau wa kemia, hii polima (molekuli ndefu, kati haipendi maji, pembeni zinapenda maji) nimekuwa naitumia kutengeneza kwantamu doti za zinki selenaidi, yaani chembe za nanomita chache zinazotoa mwanga, na kwa kweli naipenda, kwa hiyo review yangu itakuwa ndefu kidogo, maana kwenye katalogi za wauzaji unakuta uzito wa molekuli na bei basi, hawakwambii ikiingia kwenye chupa inafanya nini.

Kwanza jina, linawachanganya wengi. P ni pesti, F ni vipande vikavu, L ni ya majimaji. Ile 10 ya mwanzo zidisha kwa 300 unapata uzito wa sehemu ya kati isiyopenda maji, kama 3000 hivi, na ile 5 ya mwisho zidisha kwa 10 ni asilimia ya sehemu za pembeni zinazopenda maji, yaani 50. Molekuli nzima inacheza kwenye 6500. Ukishalijua hilo utaisoma F127 au L64, ndugu zake P105, bila kumuuliza mtu.

Sasa kazi yenyewe. Njia ni ile ya Karanikolos, Alexandridis, Mountziaris na wenzao waliyoitoa kwenye jarida la Langmuir mwaka 2004, kazi ya pale Buffalo Marekani. Unachanganya P105 na formamaidi (kiyeyusho), unatia hepteni (kiyeyusho cha jamii ya mafuta) yenye diethaili zinki (kemikali inayoleta zinki), polima inajipanga yenyewe inazunguka vitone vidogo sana vya hepteni, halafu unapitisha gesi ya haidrojeni selenaidi, joto la chumba tu. Formamaidi imeshika nafasi ya maji kwa sababu diethaili zinki ikigusa maji ni moto. Gesi inaingia kwenye kitone, inakutana na zinki, vinatokea vijichembe vidogo vidogo ambavyo vinaungana humo humo mpaka inabaki chembe moja kwa kitone.

Hapo ndipo P105 inapolipa hela yako. Ni kikaango cha vitumbua kile, kila shimo na unga wake, ukimimina sawa vinatoka sawa. Kwa hiyo saizi huiamui kwa kukimbizana na saa wala kupandisha joto, unaiamua kabla hujaanza, kwa kiasi cha diethaili zinki unachoweka kwenye hepteni. Na hesabu yake ni ya mzizi wa tatu, yaani kama vitone vimebaki saizi ile ile, ukitaka kipenyo cha chembe kiwe mara 2 lazima zinki uiongeze mara 8. Mimi hii naiona habari njema mno, maana ukikosea kidogo kwenye kupima zinki saizi haiyumbi sana.

Wengi watasema si utumie AOT tu, ile kemikali ya jamii ya sabuni inayotengeneza vitone vya maji ndani ya mafuta, ya bei nafuu na kila mtu anaijua. Sawa, na AOT ina uzuri wake, saizi ya kitone inafuata uwiano wa maji kwa AOT, rahisi kabisa. Ila vitone vyake vinagongana na kubadilishana vilivyomo ndani muda wote, chembe zinaendelea kukua na wewe unaangalia. Kwa hii polima ukuta ni mnene, kubadilishana kunakuwa kwa taratibu, na usawa wa saizi unatoka hapo. Ile njia ya kudunga kemikali kwenye kiyeyusho cha moto, ya Murray, Norris na Bawendi ya 1993 (Bawendi alipata Nobel 2023 pamoja na Brus na Ekimov), inatoa doti safi sana sibishi, lakini unacheza na karibu 300°C na sekunde za mwanzo ndizo zinaamua kila kitu.

Mwanga? Zinki selenaidi ya kawaida ina pengo la nishati (ndilo linaloamua rangi ya mwanga) kama 2.7 eV, ukiipunguza mpaka nanomita chache mwanga unasogea kutoka bluu kwenda zambarau na UV. Na haina kadmiamu, metali ya sumu, kwangu hilo ni kubwa.

Kasoro sasa. Pesti inanata kwenye kijiko, kwenye mizani, kila mahali, kwa hiyo pima chupa kwanza halafu ongeza humo humo. Kupitisha gesi kwenye mchanganyiko mzito kunaleta povu, punguza kasi. Kuziosha doti mpaka polima iishe ni shughuli pevu na formamaidi nayo haivukizwi kirahisi, inachemka 210°C. Halafu polima za aina hii hazitoki sawa kabisa kila toleo, kwa hiyo andika namba ya toleo kwenye daftari, na ukifungua kopo jipya rudia kipimo cha saizi kabla hujalinganisha data.

Na hili naomba mlisome vizuri ndugu zangu: haidrojeni selenaidi ni sumu kali mno, kikomo cha kazini ni 0.05 ppm (sehemu kwa milioni ya hewa), na formamaidi inadhuru uzazi. Kama maabara yenu haina kabati zuri la kunyonya hewa, kifaa cha kugundua gesi, na mtu aliyefundishwa kushika diethaili zinki chini ya nitrojeni, msinunue P105 kwa kazi hii hata msimamizi akisisitiza vipi, anzeni na zinki salfaidi kwa chumvi za zinki na sodiamu salfaidi ndani ya vitone vya maji, ila hapo pia msiruhusu asidi iiguse salfaidi. Wenye vifaa, naipa nyota 4 kati ya 5, ile moja imeondoka na kazi ya kuosha.